Miale Iliyobaki: Je, spektroskopia ya terahezi ni kazi ya kumtosha mtu maisha yake?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma shahada ya kwanza ya fizikia, mwaka wa 3, hapa Dodoma. Mhadhiri wetu alituambia kwamba kati ya mawimbi ya redio na miale ya infraredi, ile miale ya joto isiyoonekana kwa macho, kuna eneo la terahezi ambalo ni kama shamba ambalo halijalimwa, na kwamba atakayeingia sasa atavuna peke yake. Mwenzangu anabisha, anasema eneo hilo limeitwa teknolojia ya kesho kwa miaka mingi na kesho yenyewe haijafika. Ninataka kuomba nafasi ya shahada ya uzamili katika spektroskopia ya infraredi na terahezi, yaani kuvichunguza vitu kwa kupima miale vinayoifyonza au kuiakisi. Je, mwanafizikia wa fani hiyo anafanya nini hasa kwa miaka 30? Na nikirudi nyumbani, ujuzi huo utakuwa na kazi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mhadhiri wako ameshika nusu ya ukweli na mwenzako ameshika nusu nyingine, na kwa kuwa unakaribia kufanya uamuzi utakaochukua miaka kadhaa ya ujana wako, ni haki yako kupewa nusu zote mbili. Nitaanza na hilo shamba, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Shamba limelimwa kwa zaidi ya miaka 120. Linaonekana pori kwa sababu udongo wake ni mgumu na mavuno yake ya kila msimu ni kiganja kimoja, lakini mara mbili au tatu katika historia kiganja hicho kimebadilisha fizikia nzima.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali penyewe. Redio ya FM hurusha mawimbi yanayotetema takribani mara milioni 100 kwa sekunde, na mwanga unaouona kwa macho hutetema kati ya mara trilioni 400 na trilioni 750 hivi. Terahezi moja ni mitetemo trilioni 1 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa milimita 0.3, yaani maikromita 300. Kwa desturi tunaliita eneo la terahezi kuanzia terahezi 0.1 hadi 10. Sehemu kubwa ya eneo hilo ndiyo ile ile ambayo waliotutangulia waliiita infraredi ya mbali. Miale ni hiyo hiyo, ila ilifikiwa na koo mbili na kila ukoo ukaipa jina lake: mmoja ulitokea upande wa joto, ukiwa na taa, fuwele na vifaa vya kupimia joto, na mwingine ulitokea upande wa redio, ukiwa na saketi na antena. Hata leo, ukikaa katika mkutano wa fani yetu, utamjua mtu ukoo wake kwa kusikiliza kama anahesabu kwa masafa, yaani mitetemo kwa sekunde, au kwa urefu wa wimbi.

Ugumu wa eneo hili unaonekana kwenye tarakimu moja. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, ya terahezi 1 ina nishati ya millielektronivolti 4 hivi, na mtikisiko wa kawaida wa joto ndani ya chumba chako ni millielektronivolti 25. Maana yake ni kwamba meza, ukuta, kifaa chenyewe na mkono wako vyote vinatoa miale hii bila kuombwa, na wewe unajaribu kupima mwale mmoja dhaifu katikati ya miale ya kila kitu. Lakini tarakimu hiyo hiyo ndiyo utajiri wa eneo, kwa kuwa katika kiwango hicho cha nishati ndimo zilimo tabia nyingi za polepole za maada: molekuli nyepesi zinavyozunguka, ayoni zinavyoyumba ndani ya fuwele, elektroni za metali zinavyogongana njiani. Anayetaka kujua elektroni inasafiri muda gani kabla ya kugongana hatapata jibu kwa mwanga wa kijani, atalipata huku.

Umeuliza mtu anafanya nini kwa miaka 30. Njia nzuri ya kukujibu ni kukuonyesha mtu mmoja aliyefanya hivyo hasa, na huyo ni Heinrich Rubens, aliyezaliwa Wiesbaden mwaka 1865 na kufariki Berlin mwaka 1922. Alianza kusoma uhandisi wa umeme, akahamia fizikia, akawa mwanafunzi wa August Kundt, na akapata shahada yake ya udaktari mwaka 1889 kwa kazi iliyohusu namna metali zinavyoakisi miale ya infraredi. Tangu hapo hadi kifo chake hakuiacha miale hiyo. Kila baada ya miaka michache alisogea hatua moja mbali zaidi na mwanga unaoonekana, na kila hatua ilimlazimu kubuni kifaa kipya au hila mpya. Ukitazama orodha ya kazi zake kwa haraka utaona mtu anayerudia jambo moja. Ukiitazama polepole utaona mtu anayepanda ngazi ambayo vipandio vyake anavichonga mwenyewe.

Tatizo lake lilikuwa hili. Ukichukua kitu kilichopashwa joto hadi kelvini 1,500 ukakusanya miale yake yote, sehemu yenye mawimbi marefu kuliko maikromita 50 ni chini ya 4 katika kila 10,000, na sehemu inayozidi maikromita 300 ni kama 2 tu katika kila milioni. Kuongeza moto hakusaidii. Ukiliongeza jotoridi mara 5, miale mirefu huongezeka mara 5 hivi, ilhali jumla ya miale yote huongezeka mara 625, kwa hiyo miale mifupi inazidi kuifunika mirefu. Kifaa cha kupimia hakichagui. Kinahesabu joto lolote linalokifikia. Basi mtaalamu wa infraredi ya mbali ana kazi kuu moja, nayo ni kutupa karibu mwanga wote alionao bila kukigusa kile kidogo anachokihitaji.

Mwaka 1897 Rubens, akiwa na Mmarekani Ernest Fox Nichols, alitumia jambo ambalo fuwele kama kwatzi na fluoriti hulifanya zenyewe. Ndani ya fuwele hizo ayoni zina mtetemo wake wa asili, na mwale unaokaribia mtetemo huo hurudishwa karibu wote, kana kwamba umegonga metali, wakati miale mingine hupenya ndani na kupotea. Chukulia kwamba mwale unaotakiwa huakisiwa kwa asilimia 80 na mwingine wowote kwa asilimia 4. Ukiupitisha mwanga kwenye nyuso 4 za fuwele mfululizo, unaotakiwa hubaki kwa asilimia 41, na ule mwingine hubaki chini ya sehemu 3 katika milioni. Wajerumani waliiita Reststrahlen, miale iliyobaki, na sijaona jina linaloieleza fani yetu vizuri kuliko hilo. Fluoriti ilimpa mawimbi ya maikromita 24 hivi, chumvi ya mawe ikamfikisha karibu na 51, na miaka iliyofuata chumvi za potasiamu zikamsogeza hadi karibu 100. Wakati huo huo alikuwa anatengeneza vipima-miale vyake, na pamoja na Henri du Bois alibuni galvanomita, kipimo cha mkondo mdogo wa umeme, iliyovikwa magamba ya chuma ili sumaku inayorandaranda mjini isiiyumbishe sindano yake. Ukisikia mtu anasema kwamba fizikia ya zamani ilikuwa ya karatasi na kalamu, mkumbushe hayo magamba.

Sasa fika naye mwaka 1900. Kule Charlottenburg, katika taasisi ya taifa ya vipimo, watu walikuwa wanataka kujua kwa usahihi mwanga unaotolewa na gimba jeusi, yaani tanuri lenye tundu dogo ambalo miale yake inategemea jotoridi peke yake. Viwanda vya taa vya gesi na umeme vilihitaji kipimo cha kulinganishia. Kanuni iliyokubalika, ya Wilhelm Wien ya mwaka 1896, ilifanya kazi vizuri kwa mawimbi mafupi. Rubens na Ferdinand Kurlbaum waliipima kwa miale iliyobaki ya fluoriti na ya chumvi ya mawe, wakilibadili jotoridi la gimba kuanzia lile la hewa iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi 188 chini ya sifuri, hadi nyuzi 1,500 za selsiasi. Huko mbali kanuni ya Wien ilianguka kabisa, kwani nguvu ya miale ilikuwa inakua sambamba na jotoridi.

Jumapili tarehe 7 Oktoba 1900 Rubens na mkewe walikwenda kumtembelea Max Planck, mwanafizikia wa nadharia, nyumbani kwake, na katika mazungumzo Rubens akamweleza jambo hilo. Jioni ile ile Planck alipata kanuni inayokubaliana na Wien upande wa mawimbi mafupi na Rubens upande wa marefu, akamwandikia Rubens kwenye postikadi. Aliiwasilisha hadharani tarehe 19 Oktoba, na asubuhi iliyofuata Rubens alifika kumwambia kwamba alikuwa ameilinganisha na vipimo vyake, na vilikuwa vinakubaliana kila mahali. Tarehe 14 Desemba Planck akaeleza kwa nini kanuni ile ni kweli, na maelezo hayo ndiyo yaliyoleta kwanta, wazo kwamba nishati hutolewa kwa vifungu vidogo. Planck mwenyewe, alipomkumbuka rafiki yake baada ya kifo chake, alikiri kwamba bila Rubens sheria ya mionzi, na pamoja nayo msingi wa nadharia ya kwanta, pengine ungepatikana kwa njia nyingine kabisa, na huenda nje ya Ujerumani.

Nimekaa sana hapa kwa sababu wanafunzi husimuliwa kisa hiki kana kwamba Planck alikaa peke yake na tatizo la hisabati. Upande wa pili wa kisa kulikuwa na mtu aliyekuwa amekwisha kutumia zaidi ya miaka 10 kujifunza kutupa mwanga. Rubens hakuitafuta kwanta, na wala hakuweka nia ya kumwangusha Wien. Alikuwa na uwezo wa kupima mahali ambapo wengine hawakuweza, na swali kubwa likapita mbele ya mlango wake akiwa nyumbani.

Baada ya hapo angeweza kupumzika. Mwaka 1903, pamoja na Ernst Hagen, alionyesha kwamba katika mawimbi marefu uakisi wa metali unaweza kukokotolewa kutokana na ukinzani wake wa kawaida wa umeme, ule unaoupima kwa betri na waya. Kila ninapochakata vipimo vya uakisi wa metali na kuhitaji kuvirefusha hadi masafa ya sifuri, ninatumia kanuni yenye majina ya watu hao wawili. Mwaka 1906 alichukua uongozi wa taasisi ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Berlin, na kazi za kiofisi hazikumtoa maabara. Alipotaka kwenda mbali zaidi ya pale fuwele zinapokomea, yeye na Mmarekani Robert W. Wood walitumia lenzi za kwatzi kwa ujanja mwingine: kwa miale mirefu kwatzi hupinda mwanga kwa nguvu zaidi kuliko inavyoupinda mwanga unaoonekana, kwa hiyo lenzi hiyo hiyo hukusanya miale mirefu mahali pa karibu, na kuiacha mifupi ikitawanyika, na kisahani kidogo katikati huzuia ile inayopita moja kwa moja. Taa yao ilikuwa ya gesi yenye kile kifuko cheupe kinachowaka, ndugu yake karabai waliyoijua wazazi wetu, kwa kuwa kifuko hicho hutoa mwanga unaoonekana na miale mirefu lakini kina kiasi kidogo cha infraredi ya karibu inayosumbua. Mwaka 1911, pamoja na Otto von Baeyer, alibadilisha taa akaweka ya zebaki ndani ya kwatzi, akapita maikromita 300. Yaani mwaka 1911 Rubens alikuwa tayari kwenye terahezi 1. Taa ya zebaki ya namna hiyo bado imo ndani ya mashine nyingi za infraredi ya mbali zinazouzwa leo. Nimebadilisha za kwangu mara nyingi kuliko ninavyokumbuka.

Naye Nichols alirudi Marekani, akapima msukumo wa mwanga, akawa mkuu wa chuo cha Dartmouth, kisha kwa muda mfupi wa MIT, na mwishoni akarudi kwenye utafiti. Mwaka 1923 yeye na mwenzake walitoka upande wa redio na mawimbi ya umeme mafupi mno hadi yakapishana na mawimbi marefu ya joto, na hapo koo mbili zikakutana. Mwezi Aprili 1924, akiwa jukwaani Washington mbele ya Chuo cha Taifa cha Sayansi anaeleza kazi hiyo hiyo ya kuunganisha pande mbili, alianguka akafariki. Basi lile pengo la terahezi unalolisikia kila mahali, kwa maana ya mahali ambapo hakuna aliyefika, lilifungwa takribani miaka 100 iliyopita. Kilichobaki ni pengo la nguvu. Upande wa redio transista huchoka kadiri masafa yanavyopanda, na upande wa mwanga leza hukosa tofauti ya nishati inayozidi mtikisiko wa joto. Leza ndogo ya semikondakta ya aina ya kaskedi ya kwanta ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1994 kwa infraredi ya kati; kwa terahezi ilibidi kusubiri hadi mwaka 2002, na ile ya kwanza, ya terahezi 4.4, ilihitaji kupozwa hadi kelvini 50 hivi au chini zaidi ili itoe mwanga. Mwenzako anaposema kesho haijafika, hilo ndilo analoliona, na hapo ana haki.

Lakini watu hawakukaa wakisubiri leza. Mwaka 1956, Rolfe Glover na Michael Tinkham, huko Berkeley, walipitisha infraredi ya mbali katika tabaka jembamba la risasi iliyopozwa hadi ikapoteza ukinzani wake wote wa umeme, wakaona kwamba chini ya nishati fulani metali ile haifyonzi kitu. Waliona kwa macho ya vifaa lile pengo la nishati ambalo nadharia ya Bardeen, Cooper na Schrieffer kuhusu metali zilizopoteza ukinzani ililieleza mwaka 1957. Kwa risasi pengo hilo liko karibu na terahezi 0.65, mahali ambapo taa yao ilikuwa inatoa karibu na bure. Unaona tena sura ile ile ya Rubens: swali liko mahali pagumu kupimika, na aliyekwisha kuzoea ugumu ndiye anayelijibu.

Mimi niliingia kwa mlango wa tatu, ambao ulifunguliwa na David Auston wa Bell Labs miaka ya 1970 na 1980, na Daniel Grischkowsky na wenzake wa IBM waliougeuza kuwa chombo cha vipimo kufikia mwaka 1989. Hapo mwanga wa leza inayotoa mapigo mafupi kuliko sehemu moja ya trilioni ya sekunde hugawanywa njia mbili. Pigo moja huamsha kipande cha semikondakta nacho kikatoa wimbi fupi la terahezi. Pigo la pili hufika kwenye kipokezi kwa kuchelewa kidogo na kukifungua kwa kitambo. Ukibadili ucheleweshaji hatua kwa hatua kwa kusogeza kioo, unachora wimbi lenyewe, kilele na bonde, na si wastani wa nguvu yake tu. Faida yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Ukilinganisha wimbi lililopita kwenye sampuli na lililopita kwenye nafasi tupu, unapata kiasi kilichofyonzwa na pia kiasi lilichocheleweshwa, kwa hiyo unazijua sifa zote mbili za maada bila kukisia, jambo ambalo mwenye mashine ya zamani analitafuta kwa hesabu ndefu.

Siku yangu ya kawaida, nikikuhesabia bila mapambo, huanza kwa kuangalia kama leza imelala salama, kisha kufungua gesi ya nitrojeni isukume hewa yenye unyevu nje ya sanduku la vifaa, kisha kusubiri. Mvuke wa maji ni adui wetu wa kudumu. Unafyonza kwa ukali kwenye terahezi 0.557, 0.752, 0.988, 1.097, 1.163, 1.670 na mahali pengine pengi, na ndiyo sababu darubini za aina hii hupelekwa jangwa la Atacama, zaidi ya mita 5,000 juu ya bahari, au hurushwa angani kama darubini ya Herschel iliyofanya kazi kati ya mwaka 2009 na 2013. Hewa ya Dar es Salaam ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 ina gramu 24 hivi za maji katika kila mita ya ujazo. Mwale wa terahezi hauwezi kuipenya kwa mbali hata ukiusomea dua.

Nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari, katika maabara ambayo sitaitaja, niliona kwenye sampuli yangu mstari mwembamba wa ufyonzaji karibu na terahezi 1.67 ambao haukuwamo katika vipimo vya wiki iliyopita. Nililala nikiota karatasi yangu ya kwanza ya utafiti. Nilishinda siku 9 nikijaza daftari kwa nadharia za mitetemo ya fuwele, hadi fundi wa maabara, mzee ambaye hakuwahi kuandika karatasi yoyote, alipopita, akagonga mtungi wa nitrojeni kwa kidole, akasikia mlio wa kitu kitupu. Mstari wangu ulikuwa mvuke wa pumzi yetu. Mara nyingine nikadhani nimepata mistari iliyopangana sawasawa, kila baada ya gigahezi 88, na ilikuwa ni mwangwi wa wimbi likigonga nyuso mbili za kipande cha silikoni chenye unene wa nusu milimita. Ukiijua silikoni unaweza kuikokotoa namba hiyo kabla ya kuwasha leza, nami sikuikokotoa. Kazi yetu kwa sehemu kubwa ni kuthibitisha kwamba ulichokiona si kile chumba chenyewe kinachosema. Asiyeweza kuifurahia sehemu hiyo atateseka, hata akiwa hodari wa hisabati.

Ukitaka sampuli ya kuanzia, tafuta laktosi, sukari ya maziwa, ambayo pia hutumika kujazia vidonge vya dawa. Ikiwa katika umbo lake la kawaida lenye maji ndani ya fuwele, ina mstari safi kwenye terahezi 0.53. Mstari huo hautoki kwenye molekuli moja moja. Unatoka kwenye namna molekuli zilivyopangwa na kuyumba pamoja. Dawa yenye kemia ile ile lakini mpangilio tofauti wa fuwele inaweza kuyeyuka tofauti tumboni, na tofauti hiyo huonekana waziwazi kwenye terahezi. Viwanda vichache vinautumia ujuzi huu, kama vinavyoutumia kupima unene wa rangi ya magari tabaka kwa tabaka bila kuigusa. Ajira zipo, ingawa hazijazagaa, na sehemu kubwa ya wenzangu wa udaktari leo wanafanya kazi za leza, semikondakta na uchakataji wa data, mahali ambapo neno terahezi halitajwi mwezi mzima.

Kuhusu kurudi nyumbani, nitakuwa mkweli nawe kuliko mhadhiri wako. Mashine ya terahezi yenye leza ya mapigo mafupi ni ghali, inahitaji chumba chenye jotoridi lisiloyumba, hewa kavu na umeme usiokatika, na sitakushauri uyajenge maisha yako juu ya matumaini kwamba utaikuta ikikusubiri. Infraredi ya kati ni habari nyingine kabisa. Mashine yake inakaa mezani, sampuli hukandamizwa juu ya fuwele ndogo ya almasi, na kipimo huchukua dakika moja. Nairobi, maabara ya World Agroforestry imekuwa ikipima udongo wa Afrika kwa njia hii, ambapo sehemu ndogo ya sampuli hupimwa kwa kemia ya kawaida na nyingine zote hukadiriwa kutokana na spektra zake, yaani michoro ya kiasi cha miale kinachofyonzwa kwa kila urefu wa wimbi. Ifakara, mkoani Morogoro, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha mwaka 2019 kazi inayoonyesha kwamba infraredi ya kati ikipigwa kwenye mbu aliyekaushwa inaweza kutofautisha Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, ambao kwa macho hawatofautiani, na kukadiria umri wake pia. Umri ni jambo kubwa hapo, kwa kuwa kimelea cha malaria huhitaji takribani siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu, na hivyo mbu mchanga hawezi kumwambukiza mtu. Kinachosomwa ni gamba la mdudu, yaani kitini, protini na nta zake zinazobadilika anavyozeeka, na kompyuta hufundishwa kuitambua tofauti hiyo.

Nakuomba uitazame kazi hiyo kwa jicho la mwanafizikia. Watu wengi wanaweza kubonyeza kitufe cha mashine na kuipa kompyuta namba zinazotoka. Wachache wanajua kwa nini msingi wa spektra umepanda siku ya mvua, kwa nini bendi ya maji imeifunika bendi ya protini, au kama kompyuta imejifunza umri wa mbu ama imejifunza tarehe ambayo mashine ilisafishwa. Aliyepitia mafunzo ya terahezi, ambako kila kosa la namna hii hujitokeza mara kumi zaidi, ndiye anayefaa kukaa kwenye kiti hicho. Kwa hiyo ningekushauri uombe mahali ambapo kundi moja linatumia infraredi na terahezi kwa pamoja kwenye swali moja la maada, liwe la dawa, semikondakta au udongo, kuliko mahali ambapo terahezi yenyewe ndiyo swali.

Kabla ya kwenda, jenga mambo machache hapo hapo Dodoma. Mabadiliko ya Fourier, hesabu ya kulichambua wimbi katika masafa yake, uyajue hadi uweze kuona umbo la wimbi ukiambiwa spektra yake, kwa sababu mashine nyingi za leo, za infraredi na za terahezi, hupima kitu kimoja na kukuonyesha kingine. Modeli ya Drude ya elektroni na ya Lorentz ya mitetemo uziandike mwenyewe kwenye programu, uzichore, uziharibu, uzirudie. Jifunze pia namna ya kutoa ishara ndogo ndani ya kelele kwa kuukatakata mwanga kwa panga linalozunguka na kukuza kile tu kinachokwenda na mwendo wa panga; unaweza kuifanya kwa taa ya kawaida, kifaa cha kuhisi mwanga na kompyuta ndogo ya shilingi chache, na utakuwa umegusa roho ya fani hii kabla ya kupanda ndege.

Na ukiwa katika mazungumzo na msimamizi unayemtarajia, mwulize swali moja ambalo halimo kwenye fomu za maombi: mwanafunzi wake aliyetangulia alikuwa na saa ngapi kwa wiki za kuitumia mashine yeye mwenyewe, na nani alimfundisha kuipanga upya ilipovurugika. Akikupa namba na jina la fundi, nenda. Akikutumia orodha ya karatasi zilizochapishwa, mwandikie tena ukaulize kwa adabu.